Nchi Ikiyumba, Kura Inashika Nini?

Machi 2024, Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini aliingia dukani kukagua bei za vyakula, akaoneshwa fungu la vitunguu majani la won 875, akasema bei hiyo ni ya haki. Kumbe lilikuwa limeshushwa bei kwa ruzuku. Kwingineko fungu kama hilo liliuzwa mara tatu au nne ya hapo. Wiki zilizofuata kitunguu majani kikawa bango la kampeni. Watu walikipunga mikutanoni, wakapiga nacho picha, hadi tume ya uchaguzi ikaelekeza kwamba hairuhusiwi kuingia nacho kituo cha kupigia kura. Tarehe 10 Aprili wananchi wakachagua Bunge, na vyama vya upinzani vikatoka na viti 192 kati ya 300.

Usiku wa 3 Desemba mwaka huo huo, kama saa nne na nusu, rais yuleyule alitokea kwenye runinga akatangaza utawala wa kijeshi. Polisi wakazingira Bunge, helikopta zikashusha askari. Wabunge wakaanza kuruka ukuta mmoja mmoja, spika mwenyewe, mzee wa miaka 67, akiwa mmoja wao. Ndani, wafanyakazi wa Bunge waliziba milango kwa meza na viti na kuwapulizia askari vizima moto. Katiba ya nchi hiyo inasema kwamba zaidi ya nusu ya wabunge wote wakitaka hali hiyo iondolewe, rais hana hiari, lazima aiondoe. Zilihitajika kura 151. Ilipofika saa saba usiku ukumbini walikuwemo 190, na wote 190 wakaikataa amri, 18 kati yao wakiwa wa chama cha rais. Kabla hakujapambazuka amri ikawa imeondolewa.

Aliyepiga kura Aprili akiwa na hasira za bei ya kitunguu hakujua kwamba anamchagua mtu wa kuruka ukuta Desemba. Lakini ndicho alichokifanya. Na hapo ndipo penye utata wa swali linaloibuka kila nchi inapoingia kwenye msukosuko: je, mpiga kura wa kawaida anaweza kuiongoza nchi, au anapanga foleni tu kubariki yaliyokwisha kuamuliwa na wengine? Jibu langu ni kwamba anaweza, ila si kwa namna anayoahidiwa majukwaani, na mara nyingi si siku ile anayodhani.

Tuanze na wanaomwamini sana mpiga kura. Hoja yao ya kisomi ina umri wa karne mbili na zaidi. Mwaka 1785 Mfaransa mmoja, Marquis de Condorcet, alipiga hesabu ifuatayo. Tuseme kuna jambo lenye jibu moja sahihi na jingine kosa, na kila mtu ana uwezekano wa asilimia 60 wa kupatia. Akiamua peke yake atapatia mara 60 katika 100. Wakiamua watatu na wengi wakashinda, kundi litapatia karibu mara 65. Sasa shusha uwezo wa kila mmoja hadi asilimia 55, yaani mtu aliye bora kidogo tu kuliko anayerusha sarafu, kisha kusanya watu 1,001. Wengi wao watapatia zaidi ya mara 99 katika 100. Watu wa kawaida kabisa, wakiwa wengi, wanakuwa na akili kuliko mjuzi mmoja.

Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ina masharti, na masharti ndiyo yanayosahaulika. La kwanza, kila mtu awe juu ya nusu. Akishuka hadi asilimia 45 mashine ileile inageuka: kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo kundi linavyozidi kuwa na hakika ya kukosea. La pili, kila mtu aamue kwa kichwa chake. Watu elfu kumi waliosikiliza ujumbe mmoja wa sauti wa dakika mbili kwenye simu, wakauamini wote, kwa hesabu ya Condorcet wanakaribia kuwa mpiga kura mmoja mwenye vidole elfu kumi. Na msukosuko wa kisiasa ni kiwanda cha kuvunja masharti yote mawili kwa mpigo. Uvumi unashusha uwezo wa kupatia, na hofu inawasukuma watu kukimbilia upande uliokimbiliwa na jirani. Yaani nchi inapohitaji zaidi hekima ya wengi ndipo hekima hiyo inapokuwa dhaifu zaidi.

(Condorcet mwenyewe aliyaona hayo kwa macho yake. Wakati wa mapinduzi ya Ufaransa aliandika rasimu ya katiba, ikatupwa, akatolewa hati ya kukamatwa, akajificha kwa miezi kadhaa, na Machi 1794 akakutwa amekufa kwenye chumba cha mahabusu.)

Upande wa pili wanasema mpiga kura ni mjinga, hasomi, anachagua kwa tumbo. Hawa nao wanaruka jambo. Mwaka 1957 mchumi wa Marekani Anthony Downs alionesha kwamba kutosoma hakutokani na upumbavu. Kura yako moja katika mamilioni karibu haiwezi kuamua chochote peke yake, basi kwa nini upoteze wiki mbili kusoma bajeti ya taifa? Mtu mwenye akili timamu anatafuta dalili za mkato: chama, rafiki anayejua mambo, bei ya kitu anachokinunua kila siku. Kitunguu cha Korea kilikuwa dalili ya namna hiyo. Waliokipunga hawakuwa na shida na kitunguu chenyewe. Walikuwa wakiuliza kama mtu anayeshika nchi anajua wao wanaishi vipi, na jibu walilipata kwa won 875.

Kukataa ni rahisi kuliko kuelekeza

Kinachochanganya mjadala huu ni neno lenyewe, kuongoza. Chombo kikienda mrama kuna kuchagua bandari ya kukimbilia, kuna kushusha tanga, kuna kumtoa nahodha kwenye usukani. Ni kazi tofauti, na karatasi ya kura haiziwezi zote sawasawa.

Tazama Ugiriki. Mwishoni mwa Juni 2015 benki zilifungwa, na mashine za fedha zikawa zinatoa yuro 60 tu kwa siku kwa kila kadi. Tarehe 5 Julai wananchi wakaulizwa kama wanakubali masharti ya wadai wao. Asilimia 61 wakasema hapana. Wiki moja baadaye, 13 Julai, Waziri Mkuu Alexis Tsipras, ambaye mwenyewe aliwaomba waseme hapana, alitoka kwenye kikao cha usiku kucha mjini Brussels akiwa amekubali masharti ambayo wengi waliyaona magumu kuliko yale yaliyokataliwa. Ni rahisi kusema aliwasaliti. Lakini mkopo ulikuwa wa watu wengine, na watu hao wengine nao walikuwa na wapiga kura wao nyumbani. Wagiriki walipigia kura mfuko ambao funguo zake hawakuwa nazo. Septemba ya mwaka huo wakarudi vituoni na wakamchagua tena Tsipras, jambo ambalo wanaopenda hadithi ya usaliti huwa hawalitaji.

Uingereza ilionesha upande mwingine wa ugumu huo. Juni 2016 asilimia 52 walichagua kutoka Umoja wa Ulaya. Kutoka ni neno moja, ila njia za kutoka zilikuwa nyingi, na karatasi haikuuliza ipi. Tarehe 27 Machi 2019 wabunge walipigia kura mapendekezo manane tofauti ya nini kifuate. Yote manane yakashindwa, jioni moja. Nchi ikatoka rasmi 31 Januari 2020, baada ya mawaziri wakuu wawili kujiuzulu na uchaguzi mkuu mara mbili.

Kura inafanya kazi vizuri zaidi pale swali linapokuwa dogo na kali. Chile, 5 Oktoba 1988, swali lilikuwa mtawala wa kijeshi Augusto Pinochet aendelee miaka minane mingine, ndiyo au hapana. Asilimia 56 wakasema hapana, na akaondoka ikulu Machi 1990. Hata hivyo hapana ile haikumtoa jeshini. Alibaki mkuu wa jeshi la nchi kavu hadi 1998, na katiba aliyoiandikisha mwaka 1980 iliendelea kutumika, ingawa ilirekebishwa mara nyingi. Mtu aliondolewa kwa siku moja; kuamua nchi iende wapi kukachukua kizazi kizima.

Ofisi zilizo katikati

Mfano unaotajwa kila mara kuthibitisha kwamba wapiga kura ni hatari ni Ujerumani ya 1932. Inasemwa kwamba Hitler alichaguliwa. Nadhani mfano huo unastahili kutazamwa polepole, kwa sababu unafundisha kitu tofauti na kinachodaiwa.

Julai 1932 chama cha Nazi kilipata asilimia 37 ya kura na viti 230 kati ya 608. Wakomunisti walipata 89. Jumlisha: 319, zaidi ya nusu ya Bunge mikononi mwa vyama viwili ambavyo havikutaka Bunge hilo liwepo na ambavyo visingeweza kukaa meza moja. Hapo wapiga kura hawakwepi lawama. Walijenga wingi wa kuvunja serikali yoyote bila wingi wa kuunda hata moja. Lakini Novemba mwaka huo huo walirudi vituoni, na Nazi ikapoteza kura kama milioni mbili na viti 34. Anayesoma matokeo yale bila kujua mwisho wa hadithi angesema maji yameanza kupwa.

Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akaapishwa kuwa kansela. Hakuna uchaguzi uliofanyika katikati. Tangu 1930 nchi ilikuwa ikiendeshwa kwa amri za dharura za rais, kwa kifungu cha 48 cha katiba, na uteuzi wa kansela ulikuwa mikononi mwa Rais Paul von Hindenburg na watu wachache waliomzunguka. Mmoja wao, Franz von Papen, aliamini kwamba Hitler akizungushiwa mawaziri wa kihafidhina atadhibitiwa. Na huyo Hindenburg alipatikanaje? Alichaguliwa na wananchi Aprili 1932 kwa asilimia 53, na sehemu kubwa ya kura zake zilitoka kwa Wasoshalisti, waliomwona kuwa ngao dhidi ya Hitler.

Kwa hiyo kati ya sanduku la kura na uamuzi huwa kuna ofisi: rais, mahakama, tume, spika, mkuu wa majeshi. Nchi ikiwa shwari ofisi hizo hazionekani. Ikiyumba, ndizo zinazoshika usukani, na mpiga kura anakuwa na nguvu kwa kadiri alivyokwisha kuathiri nani amekaa humo na kwa sheria gani. Wakorea walikuwa na kifungu cha katiba kinachomlazimisha rais, na watu 190 walio tayari kukitumia. Wajerumani walikuwa na kifungu kinachompa rais amri, na mzee wa miaka 85 aliyechoka.

Kituoni, baada ya saa ya kufunga

Sehemu moja ambapo mtu wa kawaida ana nguvu kweli haizungumzwi sana, labda kwa sababu haina mvuto wa hotuba. Nayo ni kuhesabu.

Gambia walipiga kura kwa gololi kwa miongo mingi, utaratibu ulioanzishwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Kila mgombea alikuwa na pipa lake lenye picha yake na rangi ya chama. Mpiga kura alipewa gololi moja, akaingia faraghani, akaidondosha kwenye bomba la pipa alilolitaka. Ndani gololi iligonga kengele. Karani aliyekaa nje akisikia mlio mmoja, sawa. Akisikia miwili, kuna anayeiba. Chini ya pipa kulimwagwa mchanga au unga wa mbao, ili gololi ikitua isitoe sauti ya pili. Jioni zilimwagwa kwenye trei zenye matundu, 200 au 500, na hata mtoto angeona trei ipi imejaa.

Kabla ya uchaguzi wa 1 Desemba 2016 likafanyika badiliko moja: gololi zihesabiwe palepale kituoni, mawakala wa vyama wakitazama, badala ya mapipa kupelekwa kwingine. Yahya Jammeh, aliyekaa madarakani miaka 22, akashindwa na Adama Barrow. Akampigia simu kumpongeza, na runinga ikaonesha. Wiki moja baadaye akageuka, akidai kura zina kasoro. Tume kweli ilikuwa imekosea kujumlisha, na ilipojisahihisha tofauti kati yao ilipungua. Ila mshindi hakubadilika, na ubishi haukuweza kwenda mbali, maana hesabu za vituo zilikwisha kujulikana vituoni. Jammeh alipanda ndege 21 Januari 2017, majeshi ya nchi jirani yakiwa yameshaingia.

Linganisha na uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata, na tume iliyoongozwa na jaji wa Afrika Kusini Johann Kriegler ilichunguza uchaguzi ule ikasema mchakato uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Watu walipiga kura zao za urais, lakini kura hazikuwa tena na mwenye kuzithibitisha. Baada ya hapo nguvu ikahamishiwa chini taratibu: katiba mpya ya 2010, fomu ya matokeo kutoka kila kituo, Mahakama ya Juu iliyofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, na kwa siku kadhaa mtu yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe.

Manila, Ufilipino, Februari 1986, jambo hilohilo lilifanywa na wataalamu wa kompyuta kama 35 wa tume ya uchaguzi. Waliona tarakimu za ubaoni hazilingani na zile walizoziingiza, wakachukua diski zao, wakatoka ukumbini. Rais Ferdinand Marcos aliondoka nchini siku 16 baadaye.

Msomaji atauliza, na wenye bunduki? Swali la haki. Algeria, mwishoni mwa 1991, chama cha Kiislamu cha FIS kilishinda viti 188 katika duru ya kwanza. Januari jeshi likafuta duru ya pili, na vita vilivyofuata vikaua makumi ya maelfu. Myanmar, 1 Februari 2021, wanajeshi walikamata viongozi asubuhi ileile Bunge jipya lilipotakiwa kukutana. Trei ya gololi haizuii kifaru.

Inachoweza kufanya ni kumpa askari sababu ya kusita. Usiku ule wa 1988 mjini Santiago, Chile, serikali ilikuwa ikichelewesha matokeo, huku upinzani ukiwa na jumla zake za kituo kwa kituo. Jenerali Fernando Matthei, mkuu wa jeshi la anga na mmoja wa watawala wenyewe, alipokuwa akiingia ikulu aliwaambia waandishi wa habari kwamba kwake ni wazi, Hapana imeshinda. Baada ya kauli hiyo kubadilisha matokeo kungehitaji kumbishia jenerali hadharani. Korea nayo, mahakama ya katiba ilipomwondoa Yoon kwa sauti moja tarehe 4 Aprili 2025, ilitaja wananchi waliojitokeza usiku ule, na askari na polisi waliotekeleza amri kwa kusuasua.

Kuna kikwazo kingine ambacho mpiga kura peke yake hakiwezi: wagombea kugawana kura. Misri 2012, katika duru ya kwanza, Hamdeen Sabahi na Abdel Moneim Aboul Fotouh walipata pamoja zaidi ya theluthi ya kura, na wote wawili wakabaki nje. Waliowachagua wakalazimika kuchagua kati ya mtu wa Udugu wa Kiislamu na waziri mkuu wa mwisho wa Hosni Mubarak, rais aliyeng'olewa mwaka uliotangulia. Wengi wangetaka mlango wa tatu, na mlango huo ulifungwa na wanasiasa walioshindwa kuungana, si na wao. Anayeamua kususia hapati nafuu. Tunisia, Desemba 2022, karibu watu tisa kati ya kumi hawakwenda kuchagua Bunge, na Rais Kais Saied akaendelea na kazi.

Malawi yalikutana yote. Mei 2019 Peter Mutharika, rais aliyekuwa madarakani, alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na ushei, mbele ya Lazarus Chakwera na Saulos Chilima. Fomu za matokeo zilionekana zimepakwa wino mweupe wa kufutia makosa, watu wakauita uchaguzi wa Tipp-Ex. Maandamano yalidumu miezi, mara nyingi wanajeshi wakitembea pembeni kuwalinda waandamanaji. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano, waliofika mahakamani chini ya ulinzi wa jeshi, waliufuta uchaguzi wote na kusema mshindi lazima apate zaidi ya nusu. Sharti hilo likawasukuma Chakwera na Chilima kwenye tiketi moja, na Juni wakashinda kwa asilimia 59.

Kisha bei zikapanda, fedha za kigeni zikaadimika, foleni za mafuta zikawa ndefu. Septemba 2025 Wamalawi walirudi vituoni, sharti la zaidi ya nusu likiwa bado lipo, wakampa Mutharika, wakati huo akiwa na miaka 85, kama asilimia 57. Chakwera akalihutubia taifa kukubali ameshindwa kabla tume haijatangaza.